Fomu iliyogoma kubalansi: kisa cha kituo kimoja cha kura kisiwani na semina ya siku moja

Kisa hiki ni cha kituo kimoja cha kupigia kura kwenye kisiwa kimojawapo cha wilaya ya Ukerewe, mkoani Mwanza, kwenye uchaguzi mkuu mmoja kati ya zile tulizofanya tangu vyama vingi virudi. Mwaka na jina la kisiwa naviacha maana mwalimu aliyesimamia kile kituo bado anafundisha kulekule, na namba za kura nimezibadilisha ila tofauti zake nimeziacha vilevile ili hesabu ieleweke. Mimi nilikuwa msimamizi wa kituo kingine kwenye kata hiyohiyo, tulikaa naye semina moja, dawati moja. Nakiandika kwa urefu kwa sababu kila uchaguzi ukiisha watu tunabishana sana kuhusu nani kashinda na nani kaonewa, alafu ni mara chache sana mtu anakaa kuuliza yule mwalimu aliyekuwa na kalamu mkononi saa tano usiku alifundishwa nini, na alifundishwa vipi.

Kwa asiyejua mfumo ulivyo, Tume (ambayo kwa sheria ya 2024 ndo inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi) haina watumishi wake kila kata. Inaazima watu. Juu kuna mratibu wa uchaguzi wa mkoa, kuna msimamizi wa uchaguzi wa jimbo ambaye mara nyingi tumezoea kuona ni mkurugenzi wa halmashauri, na hapo kumbuka kesi ya 2019 pale Mahakama Kuu ilisema wakurugenzi hawafai kufanya kazi hiyo alafu Mahakama ya Rufani mwaka huohuo ikatengua. Chini yake kuna wasimamizi wasaidizi wa jimbo, kisha wasimamizi wasaidizi wa kata, kisha ndo sisi wa vituoni: msimamizi wa kituo, wasaidizi wake, na karani mwongozaji anayewapanga watu foleni. Wengi wetu ni walimu, wengine watendaji wa vijiji, wengine vijana waliomaliza chuo hawajapata ajira. Mafunzo yanashuka ngazi kwa ngazi hivyohivyo, Tume inawafundisha wa mkoa na jimbo, hao wanawafundisha wa kata, wa kata wanatufundisha sisi siku chache kabla ya kura. Wa juu wanapata siku kadhaa ukumbini. Sisi tunaogusa karatasi tulipata siku moja, na kila ngazi ujumbe ulipopita ulipungua kitu.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Darasa la shule ya msingi, watu tumejaa hadi madirishani, wengine wamevuka na mtumbwi asubuhi kutoka kambi za jirani. Kwanza viapo. Kila mmoja anajaza kiapo cha kutunza siri na tamko la kujitoa uanachama wa chama cha siasa au la kutokuwa mwanachama, anasaini mbele ya hakimu, na hakimu naye kafika amechelewa kwa sababu ziwa lilikuwa limechafuka. Hili silibezi hata kidogo, kiapo ni kitu kizito na mtu anatakiwa akione kizito, ila kilikula asubuhi nzima. Alafu sheria, makosa ya uchaguzi, nani anaruhusiwa kuingia kituoni, wakala wa chama ana haki gani, mtazamaji ana haki gani, mtu asiyejua kusoma anasaidiwaje, mama mjamzito na mzee wanapewa nafasi mbele. Mwezeshaji alikuwa vizuri kwenye hayo, anaongea kwa kujiamini, maswali yalikuwa mengi. Mchana chakula. Baada ya chakula ikaanza habari ya posho na nauli, majina hayapo, namba za simu zimekosewa, na watu wa kambi za mbali wanaangalia upepo kwa sababu jioni ziwa linasumbua na mwenye boti kasema anaondoka saa kumi.

Kuhesabu kura na kujaza fomu kulibakia mwishoni kabisa. Mwezeshaji akainua fomu ya matokeo, ile watu waliyoizoea kwa jina la 21B, akaonyesha huku wanaandika jina la kituo, huku idadi ya waliojiandikisha, huku kura za kila mgombea, na akasema sentensi ambayo nadhani wote tulitoka nayo: fomu lazima ibalansi. Karatasi mlizopokea lazima zilingane na zilizotumika ukijumlisha na zilizoharibika na zilizobaki. Akatuandikia mfano ubaoni ukabalansi vizuri kabisa, tukanakili, tukaondoka. Hakuna hata mmoja wetu aliyejaza fomu kwa mkono wake siku hiyo.

Sasa tuje kwenye siku ya kura. Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa kumi jioni, na aliyefika kwenye foleni kabla ya saa kumi anapiga kura hata kama zamu yake itafika baadaye. Kwa mtu wa mjini Nyamagana hii inaenda vizuri, asubuhi foleni ndefu, mchana inapungua. Kisiwani kwenye mialo ya dagaa mambo yako kinyume. Wavuvi wanakesha ziwani na taa zao, alfajiri wanarudi, asubuhi ni kupakua na kuuza, wanawake wako kwenye kuanika, mzigo ukikaa vizuri mtu analala kidogo. Foleni ya kile kituo ilikuja kujaa kuanzia saa nane. Saa kumi ilipofika kulikuwa na watu kama sitini bado wamesimama, na mwalimu kwa haki kabisa alimsimamisha karani wake nyuma ya mtu wa mwisho akaendelea hadi wakaisha. Kwa hiyo masanduku yamefungwa karibu saa kumi na moja na nusu, kuandaa meza na kuhesabu kura za urais kukachukua muda, na walipofika kwenye ubunge giza limeshaingia wanatumia taa moja na mwanga wa simu. Watu walikuwa pale tangu saa kumi na moja alfajiri.

Kituo kilipokea karatasi za ubunge 450. Kwenye daftari waliotiwa alama kuwa wamepiga kura walikuwa 287. Karatasi zilizoharibika, yaani zile mpiga kura alikosea akarudisha akapewa nyingine, zilikuwa 5 na zilikuwa kwenye bahasha yake. Zilizobaki hazijatumika 158. Ukijumlisha unapata 450, safi. Ila walipofungua sanduku la ubunge wakahesabu wakapata kura 283. Halali 272, yaani 150 kwa mgombea wa kwanza, 97 wa pili, 25 wa tatu, na zilizokataliwa, yaani zilizotumbukizwa sandukuni ila haieleweki zimepigwa kwa nani, 11. Zimepungua nne.

Wakarudia kuhesabu. 283. Wakarudia tena kwa mafungu ya kumikumi, 283. Mawakala wameanza kuangaliana. Hapo msaidizi mmoja, kijana mwema tu anayetaka kazi iishe, akasema mwalimu hizo nne ziweke kwenye zilizoharibika, badala ya 5 andika 9, itabalansi. Na kweli ukifanya hivyo 158 na 9 na 283 inakuja 450 kamili. Mwalimu akaandika 9. Kwa wino.

Wengi wakisikia kisa hiki wanarukia hapo kusema basi huyo ni mchakachuaji. Mimi naomba msomaji asimame hapa kidogo. Huyu ni mwalimu wa hisabati, hajawahi kuwa na shida ya kujumlisha maishani mwake, na hakuna mgombea aliyeongezewa wala kupunguziwa kura kwa ile 9. Alichokuwa nacho kichwani ni sentensi moja aliyopewa semina, kwamba fomu lazima ibalansi, na hakuwa na sentensi ya pili inayosema isipobalansi unafanya nini. Mtu aliyechoka ukimpa lengo bila kumpa njia atatengeneza njia yake. Ile bahasha ilikuwa na karatasi 5 ndani na fomu inasema 9, maana yake fomu ilikuwa imebalansi na wakati huohuo imeshakuwa ya uongo, na yeyote ambaye angeifungua bahasha kesho yake angeona.

Wakaenda sanduku la tatu, la udiwani. Wamelifungua, wanapanga karatasi, ndo wakazikuta karatasi nne za ubunge zimo humo. Jambo la kawaida kabisa. Mpiga kura anapewa karatasi tatu, masanduku yana mifuniko ya rangi tofauti lakini mzee ambaye macho yamechoka au mtu aliyekesha ziwani anaweza kutumbukiza kwenye tundu lolote lililo karibu. Za mgombea wa kwanza moja, za wa pili tatu. Sasa ukweli wote umepatikana: 151, 100 na 25, halali 276, zilizokataliwa 11, jumla 287, inalingana na daftari, zilizoharibika zinarudi kuwa 5. Hesabu ya kituo ilikuwa nzuri kumbe tangu mwanzo.

Shida ikawa fomu. Mwalimu akachukua kalamu akaanza kurekebisha juu ya namba zilezile. 9 ikageuzwa 5, 150 ikawa 151, 97 ikafutwa ikaandikwa 100 pembeni, 272 ikawa 276, 283 ikawa 287. Masahihisho matano kwenye fomu moja, nakala za chini zimetoka mistari juu ya mistari hazisomeki. Wakala wa yule mgombea wa kwanza, mzee wa makamo ambaye kwa kweli alikuwa ametulia siku nzima, akasema, "Mwalimu, mimi hapa sisaini, umefuta." Mwalimu akamjibu, "Baba, si tumeziona wote hizi nne?" Mzee akasema, "Nimeziona mwalimu, ila waliopo nje hawajaziona, na hii karatasi ndo watakayoiona wao." Nilipohadithiwa maneno hayo niliona huyo mzee ameielewa kazi ya fomu kuliko semina yetu nzima.

Nje watu walishaanza kukusanyika, mtandao wa simu unakuja na kukata, msimamizi msaidizi wa kata akapatikana baada ya muda mrefu akaja na pikipiki kutoka upande wa pili wa kisiwa. Alichofanya kilikuwa sahihi na nakipongeza. Akasimamisha kila kitu, akaomba zile kura za ubunge zihesabiwe upya mbele ya mawakala wote taratibu, bahasha ya zilizoharibika ikafunguliwa wakaona 5, fomu mpya ikajazwa kwa kusomewa namba moja baada ya nyingine huku kila wakala anaandika kwenye daftari lake, ile ya zamani ikachorwa mstari ikaandikwa imefutwa ikawekwa pamoja na nyaraka nyingine bila kuchanwa. Mzee akasaini. Matokeo yakabandikwa ukutani. Lakini ilishafika usiku wa manane, boti ikasubiri mapambazuko, na kisiwa kizima kikaamka na habari kwamba kituo cha shuleni wamelala na kura. Mshindi hakubadilika, tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ilitoka 53 ikawa 51 tu. Ila mwaka mzima uliofuata yule mwalimu aliishi na habari ile.

Sasa uchambuzi. Nimesikia maelezo mawili mepesi kuhusu usiku ule. La kwanza ni kwamba mwalimu alikuwa mzembe, na hilo nimeshalijibu. La pili ni kwamba siku moja haitoshi, tuongezewe siku. Hili lina ukweli ila halifiki kwenye kiini, maana ukiongeza siku ya pili alafu ukaijaza vifungu vya sheria vilevile na maswali ya posho yaleyale, saa tano usiku kwenye kituo kile unapata kitu kilekile. Mimi naona tatizo lilikuwa kwamba semina ilifundisha uchaguzi unaoenda vizuri. Mfano wa ubaoni ulibalansi. Kila kitu tulichoonyeshwa kilifika mwisho bila kukwama, na kazi ya msimamizi wa kituo kwa sehemu kubwa ni kujua afanye nini pale kitu kinapokwama, kwa sababu kikienda vizuri hata asiyefundishwa atamaliza.

Na kuna suala la saa. Kazi ngumu kuliko zote kwenye kituo inakuja mwisho, mwili umechoka, mwanga hafifu, mawakala wana hamu ya kujua, na ndo hiyohiyo semina inaiweka mwisho pia, mtu akiwa amechoka na anaangalia boti isimwache. Yaani sehemu moja ya kazi inadhulumiwa mara mbili. Kama ningepewa nafasi ya kupanga ratiba kwenye kata yoyote ya pembezoni mwa ziwa, kuanzia Kome huko Buchosa hadi Ukara na Irugwa, ningeanza asubuhi na kuhesabu na kujaza fomu watu wakiwa na akili mpya, viapo vikapangiwa muda wake hakimu akishafika, alafu sheria zikafuata mchana. Mtu akikosea kidogo kwenye haki za mtazamaji atafungua kitabu cha maelekezo asome, muda upo. Mtu akikosea kwenye fomu kwa wino mbele ya mawakala hana muda huo.

Kwamba hii ni kazi ndogo ya makaratasi isiyo na uzito, sikubaliani kabisa, na ushahidi uko jirani zetu. Malawi walipiga kura tarehe 21 Mei 2019, na Februari 3, 2020 mahakama ikafuta uchaguzi wa rais. Mambo yaliyolalamikiwa yalikuwa mengi ila lililobaki vichwani mwa watu ni fomu za matokeo zilizofutwa kwa Tipp-Ex, wino mweupe ule wa kufutia, mpaka uchaguzi wenyewe ukapewa jina hilo. Uliporudiwa Juni 2020 matokeo yakawa mengine. Siwezi kusema kila aliyefuta kule alikuwa na nia njema au mbaya. Ninachosema ni kwamba ukiwa jaji mbele yako kuna fomu imepakwa wino mweupe huwezi kujua nia, unaona tu kwamba namba ya kwanza haionekani tena. Ndo maana ile fomu ya kisiwani iliyochorwa mstari ikahifadhiwa ilikuwa na thamani kubwa, kila mtu anaweza kusoma ilikuwa nini na imekuwa nini. Kenya nao Septemba 1, 2017 Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa rais wa Agosti 8, sehemu kubwa ya mabishano ilikuwa hizi fomu za matokeo, 34A ya kituo na 34B ya jimbo, zilivyotumwa, zilivyosainiwa, zilivyo na alama za usalama au hazina. Na sisi wenyewe 1995 Dar es Salaam upigaji kura ulivurugika kwa vifaa kuchelewa na kukosekana, ukafutwa ukarudiwa Novemba. Mambo makubwa ya nchi yanapita kwenye mikono ya mtu aliyekaa kwenye dawati la mwanafunzi.

Kuna kitu kingine ambacho kisa hiki kinakionyesha na watu hawakisemi. Wasaidizi wawili wa yule mwalimu walikuwa wameshafanya kazi kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, mmoja alijiona mzoefu, na ndiye aliyetoa wazo la kuweka 9. Uchaguzi wa mitaa, kama ule wa Novemba 27, 2024, unaendeshwa chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, kwa kanuni zake na fomu zake, uchaguzi mkuu ni wa Tume na kanuni nyingine. Walimu ni walewale, madarasa ni yaleyale. Mtu anabeba mazoea ya kule anakuja nayo huku na hakuna aliyemwambia hiki kinafanana na hiki hakifanani. Mzoefu asiyepigwa msasa kwa kweli anaweza kuwa hatari kuliko mgeni, kwa sababu mgeni anauliza.

Hapo ndo linakuja suala la kuwakuza watu kitaaluma na siyo semina ya kazi peke yake. Duniani huu utofauti umefikiriwa muda mrefu. Kuna mtaala unaitwa BRIDGE, ulioanzishwa na tume ya uchaguzi ya Australia, Umoja wa Mataifa na International IDEA (shirika la kimataifa la kusaidia demokrasia), baadaye IFES, shirika lingine la mambo ya uchaguzi, na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wakaingia, na lengo lake ni kumjenga mtu wa uchaguzi kwa muda mrefu kupitia shughuli na majadiliano, washiriki wanafanya wenyewe badala ya kukaa wanasikiliza, na wenyewe wanasema wazi kwamba hauchukui nafasi ya mafunzo ya kazi ya siku ya kura. India nao tangu 2011 wana taasisi yao Delhi, IIIDEM, ya kufundisha maafisa wa uchaguzi. Ila mara nyingi vitu kama hivi vinaishia kwa maafisa wa makao makuu. Wa kituoni anaonekana ni kibarua wa siku, ameitwa, amelipwa, amerudi shuleni. Miaka mitano baadaye anaomba upya kama vile hajawahi kufanya, na hakuna aliyeandika kwamba huyu alifunga kituo vizuri kwenye giza na huyu alishindwa kujaza fomu. Maarifa aliyoyalipia kwa usiku ule yanaondoka naye. Wakati katikati hapo kuna chaguzi ndogo za udiwani na ubunge, kuna uboreshaji wa daftari la wapiga kura kama ule uliopita Mwanza 2024 ambapo vijana walifundishwa kutumia mashine za bayometriki, zote hizo ni nafasi za kumfuatilia mtu, kumpa kazi kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, na kumwandaa awe mwezeshaji wa wenzake.

Kwenye kata yetu kilifanyika kitu kizuri ingawa kidogo. Uchaguzi uliofuata yule mwalimu aliitwa kusaidia semina, na mimi nikawa pale pembeni yake. Waliokubali kumwita nawaheshimu sana, maana ilikuwa rahisi kumtupa. Alichofanya alitengeneza masanduku matatu ya maboksi ya sabuni, akakata karatasi za rangi tatu, na kwa makusudi akaweka karatasi chache kwenye boksi ambalo siyo lake, akaweka na moja imechafuliwa isiyoeleweka imepigwa wapi, na bahasha ya zilizoharibika ikawa na pungufu ya ile iliyosemwa. Akawagawa watu makundi ya watanowatano, mmoja msimamizi, wawili wasaidizi, wawili mawakala, na mawakala akawaambia bishaneni kwa kila kitu lakini kwa adabu. Akafunga madirisha darasa likawa giza, akawapa taa moja kila kundi. Kisha akasema hesabu.

Karibu makundi yote yalikwama. Wengine walifanya kile alichofanya yeye, waligeuza namba ya zilizoharibika ili jumla itimie, na hakuwaambia mapema kwamba ni mtego. Baada ya hapo ndo akawafundisha utaratibu alioujenga kutokana na usiku wake, kwamba kila namba inaanzia kwenye karatasi ya kawaida kwa penseli na hakuna wino kugusa fomu yoyote mpaka masanduku yote matatu yamefunguliwa na kila karatasi imeonekana iko sehemu yake, kwamba namba ya bahasha inaandikwa baada ya kufungua na kuhesabu kilichomo na haiandikwi kwa kutoa na kujumlisha, kwamba jumla isipolingana unawaambia mawakala wewe mwenyewe kwa sauti kabla hawajaigundua, na kwamba namba ikikosewa kwa wino inapigwa mstari mmoja ili ya zamani isomeke, waliopo wanasaini pembeni, na ikizidi sehemu moja unaomba fomu nyingine kwa msimamizi msaidizi wa kata. Akawasisitizia pia wapange kuanzia mwanzo kwamba kuhesabu kwao kutaanza usiku, wale chakula saa kumi, wapokezane kupumzika mchana foleni ikiwa nyepesi, na taa ijaribiwe asubuhi. Hili la kula kuna mwezeshaji kutoka juu alilipuuza kama siyo somo. Mimi naliona ni somo kamili, nimeona mtu akihesabu kura thelathini mara mbili kwa njaa.

Siku ya kura ilipofika kulikuwa na vituo kwenye kata yetu vilivyokutana na karatasi kwenye sanduku siyo lake, na fomu zao zilifika zikiwa safi, zimesainiwa. Semina ile haikumaliza matatizo yote, kuna kituo kilichelewa kufungua kwa sababu vifaa vilishushwa mwalo usio wenyewe. Ila kwenye hesabu, kata ilipumua.

Kilichobaki hakijapata jibu ni zoezi la jioni lenyewe. Darasa la madirisha yaliyofungwa saa nne asubuhi ni giza, lakini watu hawajachoka, na mwalimu anataka siku nyingine walau kundi la wasimamizi wa vituo peke yao wabaki hadi usiku wafanye zoezi lile kwa saa zake halisi. Kubaki hadi usiku kisiwani maana yake ni malazi ya watu wa kambi za mbali au mafuta ya boti ya kuwarudisha gizani ikiwa na maboya ya kutosha, na hivyo vyote havimo kwenye bajeti ya semina ya siku moja. Ameandika ombi kupitia kata, ameweka na hesabu ya lita, na mara ya mwisho tumeongea alikuwa bado anasubiri majibu kutoka halmashauri.